Upande wa Kulia Umegoma Kushuka

Jumatatu, 4 Machi

Leo asubuhi tumelitazama gari la Daktari kwa mwanga wa mchana. Limeinama! Mbele kulia limesimama, mbele kushoto limelala, kama mtu aliyebeba ndoo moja.

Daktari ni wa ng'ombe na mbuzi, si wa watu. Njia zake ni mawe matupu, na tumbo la gari lilikuwa likikwaruza. Ndiyo maana akaomba springi ndefu za mbele, na bushi mpya za mpira pale mikono ya magurudumu inapofungwa. Kazi ilifanywa Jumamosi hadi giza likaingia. Mjomba, mwenye gereji, alishika upande wa kulia. Kaka Njiti, fundi wake, akashika wa kushoto. Mimi nilishika tochi. Tangu nimalize shule ndiyo kazi yangu: tochi, ufagio na kupokea wateja. Hiyo ya tatu siipendi. Sauti huniishia kooni.

Mjomba alipima kwa vidole, kutoka tairi hadi madigadi. Kulia kumezidi vidole viwili. Alitazama kushoto, kisha akamtazama Kaka Njiti.

Fundi rangi wa jirani akapita, akauliza kama gari letu linatega sikio lisikie umbea wa ukutani. Hakuna aliyecheka. Mimi kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Upepo wa matairi — sawa pande zote. Halafu nikawaza: sakafu yetu imemiminwa kwa mteremko ili maji ya kuoshea yaende mtaroni. Je, kama kilichoinama ni sakafu? Nilimnong'oneza Kaka Njiti, naye akalisema kwa sauti, kwa niaba yangu. Tukaligeuza gari, kichwa kikatazama ukuta.

Bado kulia ndiko juu. Basi sakafu haina kesi.

Lakini jinsi nilivyofurahi! Kumbe hata jibu la "hapana" ni jibu.

Jumatano, 6 Machi

Leo ilikuwa zamu ya springi. Mjomba alisema moja ni fupi, dukani wametupa pacha wasiofanana. Tukazichomoa zote mbili, tukazisimamisha mezani. Urefu mmoja. Akasema basi moja ni laini. Kaka Njiti akashauri tuzibadilishe pande: ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia. Ubovu ukiwa kwenye springi, utahama nayo. Wazo zuri sana! Bushi hatukuzigusa.

Kazi ilituchukua hadi saa kumi. Jeki ikashuka taratibu. Mimi nimechuchumaa, namulika tairi.

Haukuhama. Kulia juu, kushoto chini, vilevile.

Nilitaka kupiga makofi. Halafu nikauona uso wa Kaka Njiti. Kwake hili si fumbo. Springi si mbovu, sakafu si mbovu — kimebaki nini ila fundi wa kushoto? Mkewe amejifungua mwezi uliopita. Nikazima tochi.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari alikuja mchana, viatu vya mpira vina matope. Mjomba akaanza kujieleza kwamba kushoto kuna hitilafu ndogo, inatafutwa. Daktari akalizunguka gari kama linauma. Jumatatu ana chanjo kule milimani, akasema, na kwa gari lililopinda hivi hapandi. Kisha akatuchekesha. Wafugaji wakimwita kumtazama ng'ombe anayechechemea, humwonyesha mguu usio na kosa.

"Kichwa hushuka anapokanyaga mguu mzima," alisema. "Ule mbovu anauogopa, hataki kuuwekea mzigo. Watu wanakimbilia pale kilipoinama kichwa."

Alisema tu, kupitisha wakati. Mimi nilibaki nimeduwaa na birika la chai mkononi.

Je, kama kushoto hakujaanguka? Kama kulia ndiko kumegoma kushuka?

Nilimfuata Kaka Njiti nyuma ya gereji. Jumamosi nilimwona akilishusha gari kwanza, akatandika gunia, akaingia chini kukazia nati za bushi. Mjomba alikwisha kukaza zake gari likiwa bado juu, maana mteja mwingine alikuwa akipiga honi nje. Nikamuuliza kwa nini yeye alishusha kwanza. Akasema ndivyo alivyofundishwa, sababu hakuambiwa.

Nilitaka kuuliza zaidi, ila Mjomba akamwita. Sikusikia yote. Nilisikia "nenda kapumzike mpaka nikuite." Huyu Mjomba wangu akishampumzisha mtu, hamwiti. Kila mtu hapa anajua. Kaka Njiti aliviringisha spana zake kwenye kitambaa, akaniaga kama anarudi kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya jaribio! Nilichukua bushi kuukuu kwenye ndoo ya vyuma chakavu, nikaibana kwenye jiliwa, kibanio cha mezani. Katikati ina bomba la chuma, pembeni mpira. Nikapitisha bolti, nikafunga kipande cha chuma bapa kiwe mkono, kikiwa kimening'inia chini. Nikakaza. Kisha nikakiinua kwa kidole, kama gari linavyouinua mkono likikaa chini. Mpira ukajisokota. Nikaachia — pa! Kikarudi chini chenyewe. Nikalegeza, nikakaza upya kikiwa kimeinuliwa: safari hii kikabaki juu.

Mpira hukumbuka ulipokazwa. Ukiukaza gurudumu likining'inia, utalisukuma lirudi kuning'inia, na bega la gari litabaki juu. Upande wa Kaka Njiti ndio uliokaa sawa. Wa Mjomba ndio unaosukuma.

Nilizunguka na Mjomba siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaniuliza kwa jina alilonibandika, "Kimya, una nini leo?" Nikasema hakuna. Hakuna!

Jioni nikamwambia Mama tukiosha vyombo. Alicheka hadi sahani ikamponyoka. Akasema kaka yake hajaingia chini ya gari lililoshushwa tangu kitambi chake kianze kumtangulia mlangoni. Halafu akaacha kucheka, maana anamjua mke wa Njiti.

"Usimwambie amekosea," akasema. "Muulize. Mtu akiulizwa hujijibu mwenyewe."

Jumamosi, 9 Machi

Naandika gerejini, kwenye benchi, mikono ina grisi, kurasa zinachafuka. Basi.

Nilimuuliza. Nilisimama nyuma yake ili nisiuone uso. "Mjomba, nati za bushi za kulia zilikazwa gari likiwa juu au chini?"

Aliendelea kupanga spana. Nilidhani hakusikia.

"Juu," akasema. Akajipiga kitambi. "Chini siingii. Si unaliona tumbo hili?"

Nikamwonyesha bapa langu kwenye jiliwa. Akaliinua, akaliachia. Akaliinua tena. Mara ya tatu hakuliachia, alilishika tu. Kisha akatia magogo nyuma ya magurudumu yote manne, akayapiga teke moja moja, akatandika gunia, akanipa spana.

Chini kuna joto na harufu ya mpira mpya. Nati ya kwanza ilikataa. Niliweka mguu ukutani, nikavuta kwa mwili wote. Ilipolegea, mpira ulitoa mlio kama mlango mkavu, na bega la kulia likashuka mbele ya macho yangu! Ya pili, likashuka tena. Mjomba akalitikisa gari kwa mikono miwili lijilaze vizuri, nikakaza likiwa limekaa. Nilipotoka alikuwa anapima kwa vidole. Kulia. Kushoto. Kulia tena.

Sawasawa.

Hakunisifu. Alikwenda mlangoni na simu yake, akapiga, akasubiri, akapiga tena. Akarudi.

"Njiti hanipokei," akasema. "Wewe atakupokea. Mwambie upande mbovu ulikuwa wangu."

Sasa ninayo simu yangu, na Mjomba amekaa juu ya tairi, anajifanya anafuta jeki. Ninaandika kwanza nitakachosema, sauti isije ikakwama:

Shikamoo Kaka Njiti. Ni mimi. Gari limekaa sawa. Upande wako haukuwa na kosa hata siku moja. Mjomba anasema kwamba upande mbovu ulikuwa —

Hapana. Hilo atalisema mwenyewe. Nitasema "usikate, kuna mtu hapa," na nitampa Mjomba simu, atake asitake.

Inaita.