Jina la Kefa ubaoni

Rafiki yangu Sikudhani, bado nipo ofisini. Leo nimeharibu darasani.

Si unajua niliwatuma Form Three wakawaulize wazee wao habari za Mjerumani? Nilitaka waone kwamba vita ya kwanza ya dunia haikuishia Ulaya, ilifika mpaka huku Ugogo, askari wakabeba nafaka na watu wakafa njaa.

Basi Loisi akasimama. Akasema bibi yake kamwambia jumbe wa kijiji chao ndiye aliyewaonyesha askari mtama ulikofichwa. Mtama wa kijiji kizima, Siku.

Nikamuuliza huyo jumbe aliitwa nani. Akasema Chidawali. Nikafurahi, nikamwambia njoo uandike ubaoni kwa herufi kubwa, wote waone. Mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Vichwa vyote vikageukia dawati la nyuma. Kefa Chidawali. Kwao mtoto hurithishwa jina la babu, nalijua hilo, na jina lenyewe naliita kila asubuhi. Halikunishtua hata kidogo.

Mmoja akasema, "Kumbe ni nyie." Hakuna aliyecheka.

Nikakimbilia dasta. Nikawa nafuta huku nasema haya, tuingie mada nyingine. Mada nyingine, Siku, yaani ndicho nilichopata kusema.

Kefa akasimama. Hakupandisha sauti. "Usifute, mwalimu. Hilo ni jina langu."

Nilikuwa nimeshafuta nusu.