Mzee Niliyemwigiza Hakuwa Babu

Ijumaa, Ifakara. Asubuhi ilianza na ule ubaridi wa Juni unaoshuka kutoka milimani, jua likachelewa, na sasa jioni vumbi la malori ya mpunga limetanda barabara nzima. Nina mafua. Nina hasira pia, ila leo hasira yangu imepata kazi ya kufanya.

Siku ya Jumanne tulimzika babu, kule Namawala.

Nieleze tangu mwanzo, maana nisipoeleza nitaanza kujidanganya. Mimi nina shahada ya sanaa za maonyesho. Tangu mwaka jana nafundisha uigizaji katika chuo kimoja huko Morogoro, bado niko kwenye muda wa majaribio, na mwezi huu nilipewa kazi ya kuandika mpango wa somo la uigizaji kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: wajifunze nini, wiki gani, wapimwe vipi. Nilikuwa nimeshauandika. Ulikuwa mpango mzuri, wenye majedwali. Kisha simu ya msiba ikaja.

Kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake, na mtani msibani ana kazi. Wafiwa wanalia, yeye anawachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anadai chakula kama alivyokuwa akidai. Anayeijua kazi hiyo huwafanya watu wacheke na kulia kwa pamoja, na hapo ndipo kifua kinapopata nafuu. Basi ukoo mzima ulikuwa unanisubiri mimi. Baba mdogo alinipokea begi na kusema, "Afadhali umefika, msomi wetu wa maigizo. Leo babu yako ataigizwa kitaalamu."

Nami nikavimba kichwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tuliporudi kutoka makaburini, watu wakiwa wamekaa kwenye majamvi chini ya turubai, nilivaa koti la babu, nikaomba fimbo, nikajitokeza. Nikainamisha mgongo. Nikautetemesha mkono. Nikakohoa mara tatu, nikaikwaruza sauti na kuanza kuwalalamikia vijana wa siku hizi. Ndivyo tulivyofundishwa: mzee ni mgongo, mkono na kikohozi. Kwa mzee huyo huyo nilipata A nikiwa mwaka wa pili.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Bibi alikuwa ameegemea ukuta, kanga imemfunika nusu ya uso. Akaifunua kidogo, akanitazama, kisha akamuuliza shangazi aliyekaa kando yake. Hakupaza sauti, lakini turubai zima lilisikia.

"Huyo nani?"

Shangazi akamwambia ni babu.

"Mume wangu hakuwa na mgongo huo," bibi akasema, akajifunika tena.

Na kweli. Babu hakuwahi kushika fimbo. Hadi mwaka huu alikuwa anavuka majaruba yake ya mpunga amenyooka, na mimi nilikuwa nikimfuata nyuma nahema. Nilijua hivyo. Nilijua, kisha nikasimama mbele ya watu nikaigiza kitu kingine, kwa sababu cha chuoni kilikuwa kimekaa tayari mwilini.

Aliyeniokoa ni Mama Kulwa. Huyu ni jirani yetu Msukuma, alihamia na ng'ombe wake mimi nikiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo ng'ombe wa Mama Kulwa na mpunga wa babu ndiyo habari kubwa ya nyumba yetu. Wamefikishana ofisi ya kijiji sijui mara ngapi. Mwishowe babu akatangaza kwamba yeye na Mama Kulwa ni watani, wapate kutukanana bila dhambi. Mama huyu alipoinuka, baadhi ya wajomba walikunja uso.

Hakuomba koti wala fimbo. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akapuliza ndani yake kama anayefukuza mdudu, akakivaa tena. Basi. Babu na kofia yake! Kicheko kilianzia kwa wanaume waliokuwa nyuma kabisa. Kisha Mama Kulwa akaja kwa Mama Kulwa, kama babu alivyokuwa akija kulalamika. Akasalimia kwa kirefu. Akauliza hali ya ng'ombe, mmoja mmoja: "Yule mwekundu hajambo? Na yule wa pembe moja, kaamka salama?" Akachuchumaa, akachora jaruba mchangani kwa kidole, akaonyesha walipopita ng'ombe, akayafuta yote kwa kiganja. Akasimama wima. "Haya, mimi nilikuja kukusalimia tu." Akaondoka hatua kumi, akageuka. "Na mpunga wangu nao unakusalimia."

Bibi alicheka hadi kanga ikamwanguka, kisha akalia kile kilio kilichokuwa kimekataa kutoka tangu asubuhi. Wanawake wakamzunguka. Mama Kulwa akarudi kuketi, naye anajifuta machozi.

Nilivua koti.

Jumatano nilirudi hapa Ifakara, kwa baba mdogo, na sikula. Nilikuwa najiuliza jambo moja tu: imekuwaje mtu aliyegombana na babu miaka yote anamjua, na mimi mjukuu wake, niliyelala nyumbani kwake kila likizo, simjui? Jibu halinipendezi. Mtu unayegombana naye unamtazama. Inakubidi ujue akinyamaza ana maana gani. Mimi nilikuwa nikifika Namawala naongea. Chuo, mji, marafiki, mimi, mimi, mimi. Babu ananisikiliza, nami nikadhani kusikilizwa ndiko kujuana.

Sisemi chuo hakikunifundisha kitu. Kilinifundisha kupumua, kusimama, kutoa sauti. Kila neno la uongo nililosema Jumanne lilimfikia aliyekaa mwisho kabisa. Nilisoma historia ya maigizo ya nchi ambazo sitazikanyaga, na sijutii. Lakini kwa miaka mitatu hakuna mwalimu aliyeniambia: nenda ukamtazame mtu mmoja, kwa ruhusa yake, kwa muda mrefu, kisha urudi. Tulitazamana wenyewe kwa wenyewe. Tuliwaigiza wakulima kwa kuwaiga wenzetu waliotutangulia kuwaigiza wakulima.

Na mimi nimeshaanza kuwafanyia wengine hivyo hivyo. Hilo ndilo lililonitoa kitandani.

Alhamisi nilifungua ule mpango wenye majedwali, nikafuta nusu yake. Wiki sita za kwanza hakuna jukwaa. Kila mwanafunzi anapewa mtu mmoja aliye hai, asiye ndugu yake wala maarufu: mvuna mpunga, fundi baiskeli, mama anayeuza samaki wa kukaanga. Anaomba ruhusa kwanza. Akikataliwa anashukuru na kuondoka, na hilo nalo ni somo. Anafanya kazi ya mtu huyo pamoja naye, na mikono ikichubuka ndiyo vizuri. Haruhusiwi kumrekodi. Mwishoni anamwigiza mtu huyo mbele yake mwenyewe, jamaa zake na majirani zake. Nusu ya alama zinatoka kwao.

Mkuu wangu wa idara akapiga simu mchana. Ni mtu mwema, ndiye aliyenipigania niajiriwe. Alianza na pole za msiba, na alimaanisha. Kisha akasema, "Mwalimu, kamati itatuuliza hiki kitu kinapimwaje. Muuza samaki atoe alama za shahada?"

Nikamwambia kwamba siku ya Jumanne nilipewa sifuri na bibi yangu ambaye hakumaliza darasa la nne, na hakukosea.

Akanieleza taratibu kwamba kamati inakaa Jumatatu, kwamba mpango ukipelekwa ulivyo huenda ukarudishwa, na ukirudishwa somo litapewa mwalimu mwingine atakayetumia mpango wa zamani. Akanikumbusha kwamba bado niko kwenye majaribio. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiambia ukweli, na afadhali angenitisha.

Naitaka kazi hii. Nilizunguka na bahasha miaka minne kabla ya kuipata. Naogopa, niandike wazi. Ila namwogopa zaidi yule kijana atakayepita mikononi mwangu, avae joho, arudi kwao, asimame mbele ya watu wake na kuwaonyesha mtu wasiyemjua.

Leo saa tatu asubuhi nimeutuma. Sijapunguza hata mstari.

Halafu nikapanda bodaboda kwenda Namawala, kwa sababu ndani ya mpango nimeandika kwamba kundi la kwanza litapokelewa nyumbani kwa babu na kwa majirani, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Mwalimu wa kuomba ruhusa nimetuma kwanza, nikaenda kuomba baadaye! Najijua. Bibi akikataa, mpango mzima hauna pa kulala.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa kumsaidia kuokota chuya. Kwanza nikaomba radhi kwa yale ya Jumanne. Aliendelea kupepeta. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua kabisa: kila likizo ilipoisha nikaondoka, babu alikuwa ananiigiza mimi. Wakishakula, anainuka. Jinsi ninavyozunguka uani nimeinua simu juu natafuta mtandao. Jinsi ninavyosema "kwa mfano" kabla sijasema chochote. Jinsi ninavyokwangua ukoko wa sufuria nikidhani sionekani.

"Alikuwa anakupatia haswa, mke mwenzangu," bibi akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Mpaka naona kama hujaondoka."

Nililia pale pale juu ya ungo. Bibi akausogeza, mchele usilowe.

Nilipotulia nikamweleza yote, wanafunzi, wiki sita, alama, kamati na uwezekano wa kukataliwa. Aliuliza maswali yake. Je, wanajua kusalimia? Watalala mkekani? Watakula kinachopikwa, au watataka chipsi? Nikajibu nilivyoweza. Akapepeta tena, muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza sikuujaza ukimya wake kwa maneno yangu. Niliona kumbe hupepeta kwa kuinamisha ungo kushoto, na kila anapofikia uamuzi mkono wake husimama kabla ya mdomo kufunguka.

Mkono ukasimama.

"Waje," alisema. "Lakini babu yako kaigizwa vizuri na mwenyewe hakuona. Sisi tumecheka, yeye yuko chini. Mimi sitaki hivyo. Wa kwanza kuigizwa niwe mimi, na macho yangu ninayo. Siku ya arobaini, watu wote wakiwepo. Na si hao watoto wako wa chuo. Wewe."

Kamati itakaa Jumatatu na iamue itakavyoamua. Somo wakinipokonya, nitatafuta wanafunzi hata wawili, nitaanza nao. Kesho nahamia Namawala kwa likizo yote ya chuo iliyobaki, niamke anapoamka, nibebe anachobeba, nifunge mdomo.

Nimelikubali sharti la bibi. Sijawahi kuuogopa mtihani wowote namna hii, wala kuutaka namna hii.