Swali Nililomjibia Mkutubi

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha uani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Sisi hatujambo. Goti la Bibi limepoa, na sasa anatukimbiza kama askari. Mimi mwili mzima, ila moyo ndio hauna raha, na wewe ndiye ninayepaswa kukueleza sababu.

Kazi niliyoanza baada ya kumaliza shule naipenda. Fundi wetu wa kompyuta ni mpole, ingawa utani haumwishi; mimi ananiita Bi Kimya. Juzijuzi tulikwenda kwenye maktaba ya shule uliyokuwa ukifundisha, kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta zao.

Kazi yenyewe hujiendesha. Ukishaianzisha, unaweza kuiacha ukaenda kunywa chai. Ila katikati Fundi ameingiza skripti, yaani amri alizoziandika mwenyewe, ambayo husimamisha kila kitu, hufungua skrini nyeusi na kuuliza maswali: kompyuta iitweje, itatumiwa na nani, vitu vya zamani vibaki au vifutwe. Hapo sharti mwenye kompyuta aitwe, akae kitini, ajibu mwenyewe. "Maswali ya mwenye nyumba hayajibiwi na mgeni," Fundi hunikumbusha.

Kompyuta ya kona ilipouliza kama diski ya pili ifutwe, Fundi alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mkutubi alikuwa upande wa pili wa ukumbi akihudumia wanafunzi. Ili kumwita, ingebidi nipaze sauti mbele ya watu wote. Shangazi, unanijua. Niliona haya. Kompyuta zilizotangulia mkutubi alijibu "futa" zote, basi na mimi nikaandika "futa".

Diski ile ndiyo iliyokuwa na sauti yako. Vitabu vyote ulivyowasomea wanafunzi wasioona, ukavirekodi jioni baada ya vipindi. Fundi alijaribu kuvirudisha, lakini mfumo mpya ulikuwa umeshaandika juu yake. Vimepatikana vipande tu: unasema "Sura ya", halafu mvumo mtupu.

Najua tangu upasuaji wa koo huwezi tena kusoma kwa muda mrefu.

Kibaya zaidi, nilinyamaza. Fundi alidhani skripti yake imeruka swali. Aliinamisha kichwa akamwomba mkutubi radhi, na mimi nimesimama nyuma yake nakunja waya uliokwisha kukunjwa. Kesho yake alikuwa bado anaipekua ile skripti, hata chakula amesahau. Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi hapa natafuta chawa kwenye kipara!" Lakini hakucheka. Alinipeleka kwa mkutubi nikaseme kwa mdomo wangu.

"Mwanangu," mkutubi akaniambia, "si ungeniita tu?"

Je, Shangazi, hukubakiza nakala popote, hata kwenye simu ya zamani? Kama haipo, niambie ukweli, usinifiche kwa huruma. Mitihani yao imekaribia.

Kwa sasa nikitoka kazini napita maktaba, nasoma mimi, Fundi akinirekodi. Jana msichana mmoja asiyeona alikaa kando yangu kusikiliza. Nilipomaliza ukurasa akauliza, "Dada, unasoma au unasali?" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikarudia ukurasa wote kwa sauti ya juu.

"Sasa nakusikia," akasema. "Lakini yule mwalimu wetu tutamsikia tena lini?"

Nikamwambia kwamba sauti yake niliifuta mimi. Vidole vyake vikapapasa ukingo wa meza. Kisha akasema, "Basi soma."

Nisalimie baba watoto, kifungua mimba wako, na kitinda mimba mwenye maneno mengi. Bibi na Baba wanakusalimu sana; wao bado sijawaambia, ila nitawaambia kabla barua hii haijakufikia. Mungu akulinde, alitunze koo lako, na akupe moyo wa kunisamehe siku utakapokuwa tayari, si kabla.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa dhati.