Salfa Nyuma ya Televisheni

Mpendwa mama mkwe wangu,

Najua macho yako na maandishi hayaelewani, na barua hii sikuiandika usomewe chumbani kwa kunong'onezwa. Nimemwomba Mjomba Hamisi, kaka yako, aisome kwa sauti barazani kwenu hapo Newala, majirani wakisikia. Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Sitakuomba radhi uchochoroni.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Chiwata? Mwanangu Salma alikuwa na siku tatu tangu azaliwe. Ulikuja kumuuguza binti yako kwa siku arobaini, na siku arobaini zikawa miaka saba. Miaka yote hiyo tulishika adabu ya ukwe, mimi na wewe. Nikikohoa mlangoni, unapita uani. Ukiwa jikoni, mimi nazunguka nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku. Mama Salma alikuwa akitucheka: "Nyumba yenyewe vyumba vitatu, mnakimbizana humo mtafika wapi?"

Kisha ikaja televisheni, ile bapa niliyoinunua korosho zilipotukubali. Wewe ulikaa ukumbini nyuma ya pazia, umelisogeza upana wa kiganja. Mimi nilikaa sebuleni kwenye kiti changu. Sijawahi kukwambia hili: niliigeuza ile televisheni kidogo ielekee ukumbini, ndiyo maana mimi kwenye kiti changu niliwaona watu wamepauka kama wamepakwa unga. Sikujali. Tamthilia ikinoga ulikuwa unagombana nao humo ndani: "Nwache huyo, mwanangu, ana nke nwingine!" Na mimi, baba mwenye nyumba, najiuma mdomo nisicheke. Nadhani pale ndipo tulipokuwa tunakaa pamoja, mama. Hapakuwa na mahali pengine.

Sasa nije kwenye salfa. Wewe ni mtu wa korosho, huhitaji kufundishwa. Kila msimu wa kupulizia mikorosho nilikuwa napanga mifuko ya salfa, ile dawa ya unga, kwenye kona ya sebule, nyuma ya televisheni, kwa kuogopa wezi na unyevu. Mashine ya kupulizia nayo nikiirudisha shambani naitupa hapohapo, imejaa vumbi la njano hadi mdomoni. Mama Salma alisema mara ngapi! Nami nilikuwa na jibu moja: nyumba ni yangu, kona ni yangu. Vumbi lile lilikaa juu ya kila kitu, na wewe ulikuwa unalifuta kwenye televisheni kwa pindo la kanga, asubuhi nikishatoka.

Picha ilianza kuharibika taratibu. Kwanza mistari myembamba ya kusimama, kisha nusu ya kioo ikawa nyeupe, kisha sura za watu zikageuka rangi kama mizimu, huku sauti ikitoka safi kabisa. Nikaifunga kwenye bodaboda nikaipeleka kwa fundi Masasi mjini. Hakuifungua. Aliiwasha, akaiangalia, akaniuliza, "Nyumbani nani anaifuta?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Basi maji yameingia. Kioo kimekufa hicho, nunua nyingine."

Nilirudi nikiwa nachemka. Ulikuwa uani na wanawake wa jirani mnachambua korosho, na Mjomba Hamisi alikuwa amekuja kutusalimia siku ile. Ningeweza kupita. Ningeweza kumwita mke wangu ndani. Nilisimama katikati ya ua, televisheni kifuani, nikasema kwa sauti ya kumfikia hata wa nyumba ya tatu: "Humu ndani kuna mtu mmoja mikono yake haitulii, na ameniharibia mali yangu. Anajijua."

Ulivuta kanga ukafunika uso, ukamalizia korosho zilizokuwa mapajani mwako, moja moja, ukaingia ndani. Asubuhi ulikuwa kwenye basi la Newala. Mkwe hamjibu mkwe, na mimi nilijua hilo nilipofungua mdomo. Nilikupiga nikijua umefungwa mikono.

Tangu hapo nyumba imekuwa ngumu. Mama Salma ana mimba ya miezi minane, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba miguu yake inavimba, na kliniki wiki iliyopita nesi alipima presha mara mbili akanitazama vibaya. Akasema mama huyu asikae peke yake hata siku moja, na asibebe mawazo. Shangazi zangu wamejitolea kuja, amekataa. Anataka wewe. Alipokupigia simu ulimjibu kwamba magoti yanakuuma, huwezi safari. Alikata simu akaniambia, "Mama yangu alitembea hadi shamba la Lisekese mwaka juzi. Magoti!" Kisha hakusema nami siku mbili.

Jumapili ndipo nilipoichukua bisibisi. Nitasema ukweli maana nimeapa kuusema: sikutaka kutengeneza chochote. Nilitaka ushahidi. Nilitaka niifungue ile televisheni, nikute alama za maji, nimwite mke wangu aone kwa macho yake kwamba mumewe hakukosea. Mwaka mzima nimekuwa natengeneza mashine za kupulizia za watu, bisibisi hainitishi.

Nilichomoa waya ukutani, nikasubiri nusu saa nzima, maana umeme hubaki umejificha ndani hata baada ya kuzima. Nikaenda kuilaza kifudifudi kitandani. "Ngoja!" Mama Salma akapiga kelele. Akapitisha kiganja juu ya godoro akatoa korosho moja ghafi, Salma alikuwa akiichezea. Ningeibandika juu yake, kioo kingepasuka kweli. Aliiweka mfukoni bila kunitazama, akakaa mlangoni na tumbo lake. "Ukipigwa na umeme," akasema, "nitazaa nikiwa edani."

Nikafungua parafujo kumi na mbili. Nikainua mgongo wa plastiki.

Hapakuwa na tone la maji, mama, wala doa lake. Kulikuwa na vumbi la njano. Limejaa kwenye matundu ya kupumulia, limelala juu ya vibao vya umeme, na harufu yake ikanipanda puani kama niko chini ya mkorosho wangu. Kuna utepe mpana unaopeleka picha kwenye kioo. Ncha yake ina meno madogo ambayo hutakiwa kung'aa. Yalikuwa meusi tii. Salfa ilikuwa imeyala. Salfa yangu.

Mama Salma akauliza, "Umeona nini?" Nikamwambia bado natazama.

Nilipuliza vumbi. Nikachukua kifutio cha Salma cha shuleni, nikayasugua yale meno polepole mpaka weusi ukatoka, nikayapangusa kwa spiriti, nikarudisha utepe. Tukawasha. Giza tupu, hata mistari hakuna. Jasho lilinitoka, na nitakwambia nilichowaza: afadhali. Ibaki imekufa, nani atajua? Lakini mwanao alikuwa bado amekaa pale mlangoni. Nikazima, nikasubiri tena, nikakuta kibanio cha utepe sikukifunga vizuri. Nikakifunga. Tukawasha.

Picha ikaja nzima. Rangi zote, nyuso za watu zikawa nyuso za watu, bila mstari hata mmoja. Salma alirukaruka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana kila mtu aliyetokea kwenye kioo kile alikuwa shahidi wako.

Nikamwambia mke wangu kila kitu, utepe, meno, salfa. Nilitegemea alie au anitukane. Akasema, "Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Ile bangili yake ya fedha aliyoachiwa na baba, si alikuwa anaitundika pale kwenye msumari nyuma ya televisheni? Ilikuwa nyeusi ndani ya mwezi mmoja tu. Akaniambia salfa ya mumeo inakula vyuma, na hiyo televisheni tumbo lake vyuma. Ndiyo maana alikuwa anafuta kila siku. Alikuwa anakuokolea."

"Kwa nini hamkusema siku ile?"

"Mimi nilitaka kusema palepale uani. Mama akanishika mkono. Ndani akaniambia, 'Nwache. Mumeo akiumbuka mbele ya watu, nyumba yako itabaki na nini? Mie nazeeka, aibu yangu fupi.'"

Mama, sijalia tangu nimzike baba yangu. Jumapili nililia, mke wangu akiniona, mwanangu akiniona. Ulikuwa na neno moja la kunimaliza mbele ya wale wanawake wote na ukalimeza, ukabeba kikapu chako, kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakutukana.

Wanawake wa jirani nimewaambia. Niliwafuata nyumba kwa nyumba, na mmoja alinijibu, "Sisi tulijua siku nyingi, Baba Salma, tulikuwa tunakusubiri wewe." Mifuko ya salfa nimeihamishia kwenye banda la nje, na wezi waichukue wakitaka. Lakini hayo si malipo, na sisemi kwamba tuko sawa. Binti yako amebakiza wiki chache kujifungua. Nikimtazama usiku anavyopumua naogopa, na najua hofu hiyo nimeipika mwenyewe. Nichukie mimi upendavyo, una haki. Nakuomba usimpe yeye adhabu yangu.

Barua hii sikuituma kwa basi, nimekuja nayo. Mjomba anapoyasoma maneno haya nimesimama nyuma ya uzio wenu, upande wa jikoni, ambapo hatuwezi kuonana, kama adabu inavyotaka. Sitaingia, sitatuma mtu wa kunitetea. Akimaliza kusoma nitakuamkia kwa sauti, mara moja tu. Ukiitikia, nitangoja hadi ufunge mzigo, hata ukichukua siku mbili. Ukinyamaza nitaelewa, nitarudi Chiwata nikamwambie mwanao kwamba mama yake hana kosa.

Shikamoo, mama.

Mkweo,
Baba Salma