RAM Yangu Kwenye Duka la Abdi

Jumanne, baada ya isha

Bado nina hasira.

Wiki nzima gemu yangu ya kujenga mji imekuwa ikifunguka vizuri, halafu nikiongeza mtaa mmoja tu inajizima: kumbukumbu haitoshi. Nimeshusha ubora wa picha, nimefunga programu zote, nimeilaani kompyuta kwa uzee wake. Leo nikaifungua nipanguse vumbi. RAM, vile vibao vya kumbukumbu, zilikuwa mbili. Imebaki moja!

Nikampigia kaka yangu Abdi, mwenye duka la kuchapisha karatasi hapa mtaani kwetu Waberi.

"Abaayo, dada yangu, niliazima tu," akasema. "Ya dukani iliharibika. Wewe si unacheza tu?"

Mama naye: "Mwachie kaka yako, anatafuta riziki."

Sikumwachia. Nilikwenda dukani, wateja wamejaa, nikamwambia azime kompyuta. Nikaichomoa RAM yangu mwenyewe mbele yao.

Nimeirudisha kwenye kompyuta yangu na sasa gemu haijizimi tena, lakini sina hamu ya kucheza. Mama hajanisemesha tangu magharibi. Labda kesho wateja watakwenda kwingine, wallahi sijui.

Ila msamaha siombi. Angesema tu, "Abaayo, naomba," ningempelekea mpaka dukani.