Mtoto wa Mbwa Mwitu wa Mzee Suud

Sib, Jumapili

Dada yangu Masouda,

Salamu zikufikie huko Unguja ukiwa mzima, na shemegi mguu wake umeshapoa, na watoto hawajasahau kwamba mjomba wao ndiye kijana mzuri kuliko wote katika ukoo. Sisi hapa hatujambo. Mama anasali, anakula, ananisema. Hajui kama nnakuandikia. Sauti ya simu angeisikia, kalamu haisikii. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha mimi, si yenyewe iliyoniacha.

Unajua ninavyowapenda mbwa mwitu. Chumba changu kimejaa picha zao, na kule Wattaya ninakoosha magari ya kuuzwa wananiita Dhib, ndivyo Waarabu wa huku wanavyomwita mnyama huyo. Basi Bakhit, mwenzangu wa kazini, akaniambia mjomba wake Mzee Suud, huko kijijini kwao milimani, amemnasa mbwa mwitu jike aliyekuwa akimlia mbuzi. Moyo haukumpa kumuua. Akamfungia ndani ya uzio wa waya, naye akazaa watoto wawili.

Ijumaa moja asubuhi, mwezi uliopita, tukaenda. Njia nzima nikimwambia Bakhit kwamba mie nitaingia, na yule mama ataniramba mkono. Tulipofika nikamwona: mdogo, mwembamba, anachechemea. Akanitazama kwa yale macho ya manjano, na mimi, dada, nikajikuta nimesimama nyuma ya Bakhit. Alinicheka mpaka kilemba kikamvuka.

Tukakaa kwa tende na kahawa. Ulimi wangu unaujua. Nikamsifu mtoto mmoja mwenye ukucha mweupe, nikamsifu tena, nikazidi. Na wenyewe wa huku ukimsifia mtu jambia lake, analivua kiunoni akupe. Mzee Suud akasema mchukue, ni wako. Hapo hata mtoto mdogo anajua la kujibu: Mungu akuwekee, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha mnaendelea na kahawa na heshima imebaki kwa wote. Mimi nikasema nimekubali kabla hajafunga mdomo.

Bakhit akanifinya paja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mzee akautazama uzio, halafu akaingia mwenyewe akamtoa. Mama mtu hakulia. Alikwenda na kurudi kwenye waya, akakwenda na kurudi, mpaka gari ikapinda.

Nikamweka darini, karibu na tangi la maji, ndani ya sanduku la viatu. Mama nikamdanganya ni mtoto wa mbwa wa Bakhit, akasema akishuka ngazi nitashuka naye mpaka barabarani. Kazini nikajisifu kwamba anakula nyama mkononi mwangu. Mzee Suud kila Ijumaa akipiga simu kumuulizia, nnamwambia anakimbia, anatafuna makubadhi, ana nguvu kama baba yake.

Masouda, alikufa siku ya nne.

Maziwa ya mbuzi yalimtokea puani. Daktari wa wanyama sikumpelekea, nikiogopa kuulizwa nimempata wapi. Nilimshika tu. Alikuwa akininyonya kidole, akakiacha. Nikamzungushia kanzu yangu ya Idi nikamzika nyuma ya kiwanja cha mpira, na Mama mpaka leo anaitafuta ile kanzu.

Juzi Mzee Suud amepiga. Amefurahi sana na malezi yangu, akasema si vizuri ndugu wawili kuishi mbalimbali, kwa hiyo Ijumaa hii anakuja mwenyewe kuniletea wa pili. Nikikataa, nimemtupia zawadi yake usoni. Nikisema kweli, sijui atamtazamaje yule mama kule kwenye waya. Leo asubuhi nilimpigia nimwambie. Akaniita mwanangu, akauliza Dhib mdogo hajambo. Nikamwambia hajambo.

Ningekuomba unifundishe pa kuanzia, lakini barua hii anakuletea jirani yetu Bi Maram, naye anasafiri Jumamosi. Ukisoma haya, mzee atakuwa ameshapanda ngazi mpaka darini.

Msalimie shemegi, na jirani zako wote wanaoniulizia. Watoto wabusu, uwaambie mjomba wao amemwona mbwa mwitu kwa macho yake. Hilo ni kweli.

Nduguyo,
Safwan