Kuku Analiwa Ukingoni

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia, na joto la Busan halijakukausha kama dagaa. Shemeji kikohozi chake kimepoa? Mwambie aache kulala mbele ya feni, nimeshasema mpaka mdomo umechoka. Mimi sijambo. Tena sijambo kuliko miaka yote: nalala mpaka jua linapanda, naletewa uji na supu ya mwani hapa nilipo, sioshi hata kijiko. Sababu utaijua mbele.

Najua umeona habari za mafuriko kwenye televisheni, ukapiga simu wee, haikupatikana. Simu imekwenda na maji. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Usiucheke mwandiko, darasa ulikaa wewe, mimi nilibeba wadogo zetu mgongoni.

Nianze na Yeon-ju wangu. Unakumbuka alivyoachika akarudi nyumbani, watu wakaninong'onea sokoni kana kwamba nimerudishiwa samaki aliyeoza? Basi huyo huyo ndiye mwenyekiti wa kijiji sasa, mwanamke wa kwanza tangu kijiji kiwe kijiji. Wazee walicheka, wakauliza atatangaza nini kwenye spika, bei ya kabichi? Leo wakimwona wanavua kofia. Nakuambia ukweli, siyo kwa sababu ni mwanangu. Sauti ile kwenye spika ni kengele, na hakuitoa kwa baba yake, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiongea kama anatafuna.

Jumapili ya mwisho ya Julai mto ulijaa wageni. Vichanja vya mbao alivyovipanga marehemu ndani ya mto vilijaa vyote, watu wamekaa miguu majini, wanangoja kuku wangu wa vitunguu saumu. Unamjua kuku wangu. Wapo wanaotoka Seoul kwa ajili yake. Mbingu ilikuwa buluu, haina hata wingu la kufutia pua.

Kumbe juu mlimani mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo. Mtawa wa hekalu la juu alimpigia Yeon-ju kwamba maji yameruka ukuta wa bwawa dogo na yanateremka na magogo. Mara simu za wageni zikalia zote pamoja, ule mlio wa tahadhari wa serikali. Wote wakazizima. Siwalaumu sana, dada. Simu hizo zinalia joto likizidi, zinalia mzee akipotea mji wa mbali, zinalia vumbi likija. Mtu huishia kuzichukulia kama mbwa wa jirani anayebweka.

Kisha spika ya ukumbi wa kijiji ikaanza. Yeon-ju akapiga ule wimbo wake wa kuamsha watu, akasema kwa adabu kwamba mvua kubwa inanyesha mlimani, wageni wote watoke mtoni. Wageni wakatazama juu, wakaliona jua, wakacheka. Akarudia, safari hii na king'ora. Kijana mmoja akaiinulia spika glasi ya pombe ya soju akaitakia afya njema. Mimi nilikuwa ukingoni na trei kichwani, nawasihi kichanja kwa kichanja, nao wananiambia nilete kabichi ya kimchi zaidi.

Wakati huo nikayaona maji. Yalikuwa hayajaongezeka, lakini yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na majani mabichi yanapita. Pale mtoni kulikuwa na watoto wanaokamata samaki kwa vikapu, dada, watoto wa watu.

Spika ikaita tena. Safari hii hakukuwa na wimbo wala adabu:

"Wenye magari meupe na meusi yaliyoegeshwa karibu na ukumbi, kuna lori linarudi nyuma hapa, linayakwaruza yote. Nasema yote."

Nani nchi hii ana gari lisilo jeupe wala jeusi? Wanaume walitoka mtoni kama wameumwa na nyuki, mmoja na kijiti cha kulia chakula bado mkononi. Wake zao wakawafuata ili wasipigane, na watoto wakawafuata mama zao ili wauone ugomvi. Lori lenyewe halikuwepo. Mwanangu alidanganya kwenye spika ya serikali mchana kweupe, na mto ukabaki mtupu.

Mtupu ila kichanja cha mwisho. Walikaa pale wazee wa chama cha kupanda milima, na wao walikuja kwa basi. Nikawafuata mbio. Mkubwa wao, mwenye kofia nyekundu, akaniambia ametulia: "Mama, gari letu sisi ni basi, na basi halikwaruziki." Wenzake wakaangua kicheko. Nikaona maneno hayatoshi. Nikafunga vitambaa mikononi, nikanyanyua sufuria yao ya kuku juu ya jiko la kichanjani ikiwa inachemka, nikaanza kuondoka nayo.

"Wewe mama, huyo kuku ni wetu!"

"Leo kuku analiwa ukingoni," nikamjibu, wala sikugeuka.

Wakanifuata wote, wanatukana, viatu mkononi. Mimi niliyezoea utelezi tangu utotoni nilipanda ule ukingo na sufuria bila kumwaga tone.

Sasa dada, usinigombeze. Nilipoitua sufuria nikageuka, nikaona jiko la gesi kule kichanjani linaendelea kuwaka, halina kitu juu. Unanijua. Unajua mama yetu alivyotuchapa kwa moto ulioachwa unawaka peke yake. Nikarudi kuuzima.

Maji yalikuwa yamefika magotini. Nikamsikia Yeon-ju kwenye spika, sauti imepanda: "Mama! Mama, toka!" Kule ukumbini anauona mto mpaka kwenye kona, mimi siioni kona. Nikampungia mkono kwamba nakuja. Mtoto hamharakishi mama yake, ndivyo tulivyolelewa, na swichi ya lile jiko ni ngumu. Akaita tena. Nikampungia tena.

Ndipo spika iliponguruma bonde zima likasikia:

"Gwak Bong-rye! Toka majini sasa hivi!"

Jina langu tupu, dada. Kwa sauti ya kumfokea mtoto, mbele ya kijiji kizima. Tangu nimzae mimi ni Mama Yeon-ju; hata marehemu hakuwahi kulitamka. Miguu ilitii kabla yangu. Niliacha jiko, nikaruka, na yule mzee wa kofia nyekundu alikuwa ananyoosha mkono. Alinidaka kwa aproni. Nyuma yangu maji yalikuja kwa kishindo, meusi, yamebeba miti mizima. Ubao mmoja ulinipiga mguu wakati ananivuta. Vichanja vyote vya marehemu vilikwenda. Mtu hakwenda hata mmoja.

Kwa hiyo nakuandikia kutoka hospitali ya wilaya, mguu uko kwenye plasta, ndiyo maana naletewa uji. Usije mbio, madaktari wanasema mfupa umekaa vizuri kama wa msichana. Manesi wote wanajua mimi ni mama wa nani, nimehakikisha hilo.

Kuna mwenye gari aliyemshtaki Yeon-ju wilayani kwamba alidanganya. Siku iliyofuata alikwenda kuuona mto, akarudi akampelekea Yeon-ju boksi la mapichi.

Yeon-ju alikuja akapiga magoti kando ya kitanda, analia, anaomba radhi kwa kuniita jina. Niligeukia ukutani. Anadhani nimekasirika, na mpaka leo sijamwambia. Wewe nitakuambia. Pale majini, jina lile lilipoita, sikumsikia Yeon-ju. Nilimsikia mama yetu, amesimama mlangoni jioni, mkono kiunoni, ananiita niingie ndani. Niligeukia ukutani ili nibaki naye kidogo.

Mwambie mwanao Tae-il aje Agosti na wafanyakazi wenzake kama alivyoahidi, lakini vichanja mtoni sitajenga tena. Watakula ukingoni chini ya mzabibu. Na simu yake ikilia, asiizime.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote, umfunike mdogo usiku. Ukinijibu, kwenye bahasha usiandike Mama Yeon-ju. Andika jina.

Mdogo wako anayekupenda,

Bong-rye